Mstari wa Arobaini na Moja

Mtu akipoteza karatasi mjini Baraka, huku kwetu mashariki mwa Kongo, haanzii polisi wala kwa padri. Anaanzia kwa Alphonse. Iwe cheti cha ubatizo kilicholowa mvua, barua ya kazi iliyotafunwa na panya, au programu ya mazishi ya shangazi aliyezikwa miaka minne iliyopita, Alphonse Wilondja atakaa mbele ya mashine yake, atavaa miwani, ataguna kidogo ili ujue kazi si ndogo, kisha atasema lile neno ambalo mji mzima unalijua: "Iko." Na kweli inakuwepo. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye, tusimfiche, alijipenda kwa hilo pia.

Duka lake liko nyuma ya soko, chumba kimoja cha kuchapa na kutoa fotokopi, kama yale mengine yote yanayoitwa secrétariat, ila hili lilikuwa na mashine mbili na antena ya intaneti juu ya bati. Uani aliweka mabenchi, na watu wakaja kukaa pale na simu zao wakitumia wifi yake kuanzia asubuhi. Wanafunzi, madereva wa pikipiki, walimu waliochoka. Nani alifungua nini kwenye simu yake, Alphonse hakujua wala hakutaka kujua. Alikuwa na adabu moja aliyoishika kama dini: hasomi karatasi za watu. Anachapa, anatunza, hasomi.

Habari ya kutunza ilianza na mwanafunzi mmoja, Norbert, ambaye flash yake ilizama ziwani ikiwa na kazi yake yote ya kumalizia chuo. Kijana alilia dukani hadi wateja wakatoka nje kwa aibu. Tangu siku ile Alphonse aliweka programu ndogo kwenye mashine zake. Flash yoyote ikichomekwa, kila kilichomo kinanakiliwa kimya kimya kwenye folda aliyoiita AKIBA, na mwenyewe akibadilisha neno, badiliko nalo linaingia. Kisha, ili aifikie folda hiyo akiwa kwenye kiti chochote, akaiacha wazi kwenye mtandao wa duka, bila neno la siri. Hakumwambia mtu. Aliona ni wema tu, na akaendelea na kazi zake.

Sasa huyu Vanessa Niyonkuru alikuja kwake akiwa na miaka ishirini na moja, kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Alikuwa amekimbia Burundi na baba yake miaka miwili kabla, wawili tu, mama alikwisha kufa. Alitaka kujifunza kompyuta. Alphonse alimpa mashine ya pili, na baada ya miezi sita yule msichana alikuwa akichapa bila kuangalia vidole, huku akimsahihisha mwalimu wake Kifaransa mbele ya wateja. Alphonse alijifanya kukasirika. Moyoni alifurahi kupita kiasi, maana hakujaliwa binti. Vanessa alipopata kazi ya kuandika majina kwenye Nyumba ya Kusikilizwa, Alphonse alinunua samaki wanne wakubwa, wale mikeke wa ziwani, wakala na bukari, ugali wa huku, pale pale dukani, mlango umefungwa mchana kweupe kama sikukuu.

Nyumba ya Kusikilizwa iliongozwa na Mama Immaculée. Wanawake waliotendewa ubaya wakati wa vita na kwenye njia za kukimbilia walikwenda pale, wakaketi na mshauri, wakasema yaliyowapata. Jina liliingia kwenye orodha ili daktari akija awaite. Zaidi ya washauri, orodha ile waliijua wawili tu: Mama Immaculée, na Vanessa aliyeiandika.

Siku moja ya Alhamisi, kiangazi, orodha ikatokea kwenye simu za watu. Picha mbili, kurasa mbili, majina arobaini, kijiji cha kila mmoja na mwaka wa tukio. Kufikia adhuhuri ilikwisha fika Fizi mlimani. Mwanamke mmoja alirudi kutoka shambani akakuta vyombo vyake vimetolewa nje. Mwingine aliacha kwaya aliyoiimbia miaka kumi. Kumi na mmoja kati ya wale arobaini walikuwa wa Lusenda, na kule hema hadi hema ni hatua tatu.

Ijumaa asubuhi Mama Immaculée aliingia dukani na kompyuta ya ofisi imefungwa kwenye kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa Alphonse, ba bureau kubwa ya Bukavu banasema batatuma expert, lakini ni kisha mwezi muzima. Bamama habawezi kungojea mwezi. Banataka kujua ni nani. Na we njo unajua mashine."

Hapo Alphonse alipaswa kukataa. Kuna watu waliosomea kazi hiyo ya kufuatilia nyayo ndani ya mashine. Kabla ya kugusa chochote wananakili yote kama yalivyo, asili yake wanaifungia, wanafanya kazi kwenye nakala, na wanaandika kila mkono ulioishika. Kisha wanauliza kitu kilichotoka kilipita wapi, si kiliondokea wapi tu. Alphonse alikuwa fundi wa kubadilisha betri na kuondoa virusi. Lakini aliambiwa kwamba yeye ndiye anayejua, na kichwa kikamvimba. Akawasha.

Nusu saa haikuisha. Jumanne, saa nane na dakika saba mchana, orodha ilinakiliwa kwenye flash. Aliyekuwa ameingia kwenye mashine ni Vanessa. Hakuna mwingine, hakuna virusi.

Alimwita. Alikuja kwa pikipiki, akasimama mlangoni, hakukalia kiti chake cha siku zote.

"Njo, ni mi niliicopier," alisema. "Imprimante ya bureau haikukuwa na wino. Mama Immaculée alitaka liste ku papier, docteur aisome. Nikakuja kuiimprimer hapa kwako, Papa. We ulikuwa umeenda ku mazishi, nikafungua na ile ufunguo yenye ulinipaka."

"Hapa?"

"Hapa, ku mashine ya pili. Kisha nikafuta yote. Sikuacha kitu."

Alphonse alitazama mashine ya pili. Kweli, ilikuwa safi, hata pipa la takataka lilikuwa tupu. Ndipo wazo la AKIBA likampitia. Lilimpitia, nasema, kama inzi anavyopita usoni, naye akalipunga kwa mkono. AKIBA ilikuwa fahari yake. Mwalimu, pasta, mjane, wote walikuwa na kitu cha kumshukuru kwa ajili ya folda ile. Isingewezekana uchafu utokee huko.

"Ku mashine yangu hakutokake kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia.

"Papa, mi siwezi kutoa ile liste. Mi hata siwezi."

"Juu ya nini huwezi?"

Vanessa alifungua mdomo. Alimtazama Mama Immaculée, akamtazama Alphonse, akaangalia mikono yake. Akafunga mdomo.

"Siwezi tu."

Alphonse, mtu mzima na mvi zake, akauhesabu ule ukimya kuwa hatia. Aliandika ripoti ya mistari mitano. Orodha ilinakiliwa siku fulani, saa fulani, na akaunti ya Niyonkuru Vanessa; hakuna dalili ya mtu mwingine. Kuhusu duka lake hakuandika neno. Akatia sahihi, akagonga muhuri wake wa duara wenye wino wa zambarau, na karatasi yenye muhuri huku kwetu haibishaniwi.

Vanessa alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kule Lusenda wanawake waliondoa madumu yao kwenye foleni ya maji kila alipofika, mpaka akawa anabaki peke yake na bomba. Jirani mmoja alimtemea mate. Wiki ya tatu alipanda lori la kwenda Lulimba, kuwapikia wachimba dhahabu. Alipita Baraka mchana, na lori lilisimama sokoni kupakia muhogo. Alphonse alimwona juu ya magunia, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Alijitia kushughulika na imprimante hadi lori likaondoka.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja mzee aliingia, kofia mkononi, vumbi la barabara hadi magotini. Alphonse hakumjua mpaka aliposema jina. Alikuwa Sixte Nizigama, baba yake Vanessa.

"We njo ulimufunza mutoto wangu mashine," alisema.

"Ni mi, Mzee. Vanessa iko Lulimba, nasikia?"

"Amefia Lulimba. Ni kuhara ile mubaya. Siku tatu tu. Bamemuzika kule kule, hatukumuona." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo njia nzima. "Siku ya mposho, Jumamosi hii, tunafanya deuil, matanga bila mwili. Sina hata foto yake moja. Banasema we hufutake kitu ya muntu."

Alphonse alitaka kusema pole. Alitaka kusema mengi. Kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Iko."

Alimketisha mzee kwenye benchi la nje, kivulini, akarudi ndani akafungua AKIBA. Kila flash ilikuwa na folda yake, kwa tarehe. Alitafuta za Vanessa kuanzia za zamani: mazoezi ya kuchapa, barua za kuomba kazi, nyimbo za kanisa kwa Kirundi. Picha hazikuwepo. Akashuka, akashuka, hadi ya mwisho kabisa. Ilikuwa ya Jumanne. Jumanne ile.

Ndani yake kulikuwa na picha, ya kitambulisho, Vanessa na shati jeupe akijizuia kucheka. Na chini ya picha kulikuwa na orodha.

Alisogea kwenye mashine nyingine, akaiona. Akatoa simu yake mfukoni, akaingia kwenye wifi ya duka kama mteja yeyote wa uani, akagusa mara mbili, na orodha ikafunguka kiganjani mwake. Haikuuliza neno la siri. Haikuuliza chochote. Siku tatu za wiki ile, mtu yeyote aliyekaa benchini mwake angeweza kuipiga picha. Ni nani, hakuna atakayejua kamwe, maana kile kisanduku cha wifi husahau kila kitu umeme ukikatika, na Baraka courant inakatika kila siku.

Basi ilikuwa yeye. Wema wake ndio uliowatoa wale wanawake nje ya nyumba zao, na muhuri wake ndio uliomtia yule aliyemhesabu binti yake kwenye lori. Alphonse alilia pale pale, kwa sauti, kitambaa cha kufutia vumbi la mashine kimemziba mdomo ili mzee asisikie.

Alipotulia aligundua jambo. Faili ilikuwa na saa: Jumanne, nane na dakika hamsini na mbili. Iliguswa hapa dukani, baada ya kutoka ofisini. Msichana alibadilisha nini? Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Alphonse alifungua karatasi ya mtu akaisoma. Ukurasa wa kwanza, majina ishirini. Wa pili, ishirini. Ofisini kulikuwa na kurasa mbili tu, na picha za kwenye simu zilikuwa mbili. Hapa palikuwa na wa tatu, na juu yake mstari mmoja peke yake; aliyepiga picha hakufika huku, au aliwahi kabla haujaandikwa.

Arobaini na moja. Niyonkuru Vanessa. Lusenda. Mwaka wa tukio ulikuwa ule ule aliokimbia Burundi, na mahali aliandika "njiani". Kwenye sehemu ya mwisho, panapoandikwa jina la mshauri aliyemsikiliza, kila mmoja wa wale arobaini alikuwa na jina la mshauri wake. Yeye aliandika "bado".

Muda wote alikuwa amechapa majina ya wenzake, na ofisini hakuna pembe isiyo na macho. Siku ile alikuta duka tupu, mwalimu kaenda mazishini, akaketi kwenye kiti chake cha zamani akajiandika. Kisha akachapa kurasa mbili za kwanza, ya tatu akaiacha. Nani atatangaza orodha ambayo yeye mwenyewe yumo? Lile "siwezi tu" lilikuwa ushahidi mzima. Kama Alphonse angekuwa na utovu wa adabu kidogo, kama angesoma, angejua siku ileile.

Sasa ushahidi alikuwa nao, ule ule watu wa Bukavu wangeutaka: faili, folda iliyo wazi, tarehe, saa. Ungemsafisha Vanessa mbele ya kila mtu. Lakini mashine ingefungwa kwenye kitenge, iende kwa Mama Immaculée, iende Bukavu, na kila mkono ungefika ukurasa wa tatu. Alichoshindwa Vanessa kukisema kwa watu wawili aliowapenda kingesemwa na wageni, kaburi lake bado bichi. Alphonse alifikiri kuufuta ule mstari peke yake. Haikuwezekana. Faili ingevaa tarehe ya leo, na mtoto yeyote wa shule angesema umeitengeneza mwenyewe asubuhi hii.

Alijiuliza pia kama anataka kuifuta ili ajiokoe tu. Alijiuliza kwa ukali, na ndipo akaamua kwamba kwa mdomo wake atasema yote dhidi yake, na kwamba faili itafutwa.

Alichapa picha kwanza, kwenye karatasi nzito aliyoiweka kwa ajili ya harusi. Kisha akafuta. Si Jumanne tu, AKIBA yote, miaka saba ya karatasi za mji mzima, na juu yake akajaza vitu visivyo na maana mara tatu ili asiwepo fundi wa kuzirudisha karatasi zile. Mtu ambaye hakuwahi kufuta kitu, alifuta kama anayechinja.

Alitoka na picha, akapiga magoti mbele ya benchi.

"Mzee, si mutoto wako alitoa ile liste. Ilitokea ku mashine yangu. Ni mi. Nilimuandikia uongo."

Sixte aliitazama picha kwa muda mrefu. Alimpangusa binti yake uso kwa kidole, ingawa karatasi haikuwa na vumbi.

"Ulimuandika ku papier na kuweka cachet," alisema mwishowe. "Hii pia uandike ku papier, uweke cachet. Na ukuje kuisoma mbele ya batu."

Akaandika. Jumamosi alikuwa Lusenda, chini ya turubai, mbele ya watu wasiopungua mia. Picha iliwekwa kwenye kiti, pembeni ya Biblia. Alphonse alisoma kila neno: folda, mtandao usio na neno la siri, dharau yake, muhuri wake. Alisema Vanessa hakuwa na kosa, hata moja. Akasimama mwanamke mmoja, mwembamba, kilemba cheusi. Alikuwa wa nane kwenye orodha. Watu wote walijua hivyo sasa, na yeye alijua kwamba wanajua.

"Preuve, ushahidi wake, iko wapi?"

"Nilifuta," alisema Alphonse.

"We? We mwenye hufutake kitu?"

"Nilifuta, Mama."

"Juu ya nini?"

Alphonse aliikunja karatasi yake. Manung'uniko yakaenea turubai zima. Mwanamke akamkaribia, hana hasira tena, amechoka tu.

"Yeye akiwa muzima, ulimuandikia papier moja. Sasa amekufa, unamuandikia ingine. Tushike gani?"

Wengine walisema amemwonea huruma mzee. Wengine walisema dhamiri inamsumbua kwa kuwa alimpenda yule msichana. Wachache walimwamini, na hao walitoka bila kumpa mkono. Jina la Vanessa halikusafishwa siku ile. Lilibaki katikati, watu wakipunguza sauti wakilitaja, na mpaka leo liko hivyo hivyo.

Sixte alimsindikiza hadi penye pikipiki. Walitembea polepole, mzee ameifunga picha ndani ya kofia yake.

"Mi najua kitu yenye ulifuta," alisema.

Alphonse akasimama.

"Tulikuwa babili tu njiani, mi na yeye. Mi banilaza chini, bunduki ku shingo, nikasikia yote. Kisha tukaendelea kutembea. Hakuniambiaka kitu, na mi sikumuulizaka. Alikuwa anafikiri sijue. Nikamuacha afikiri vile, juu ya haya yake." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Ku ile mashine yako, aliandika kama ameongea na muntu?"

Alphonse alikwisha kuandika uongo mmoja katika maisha yake, na matokeo yake aliyaona. Hata hivyo alitamani sana kuusema wa pili.

"Aliandika 'bado', Mzee."

Sixte alitikisa kichwa mara kadhaa.

"Miaka yote tulikuwa tunakula ku sahani moja," alisema. "Mi nilikuwa pale."

Dereva wa pikipiki alikuwa akingoja, injini inanguruma. Mzee akageuka, kofia ameikumbatia kifuani, akarudi kwa wageni wake.